Uzi: Mazoezi ya mkanda wa kubana damu kwa wanamichezo wenye kifundo cha mguu kisichotulia

Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fiziotherapisti, na wengi wanaopita mikononi mwangu ni wachezaji wa netiboli, wa mpira wa kikapu na wa soka la mchangani. Kwa miezi kadhaa sasa makocha wamekuwa wakiniuliza kuhusu mazoezi yanayofanywa huku paja limefungwa mkanda unaopunguza mzunguko wa damu, kama yanaweza kumsaidia mchezaji ambaye enka yake humsaliti kila mara. Badala ya kumjibu kila mmoja kwenye simu, nimeona nieleze hapa kwa urefu, na wenye ujuzi kunizidi wanisahihishe.

Nianze na kifundo chenyewe, kwa kuwa nusu ya makosa ninayoyaona hutokana na kukimbilia mkanda kabla ya kujua mgonjwa amepungukiwa na nini. Mchezaji anaporuka na kutua juu ya mguu wa mwenzake, wayo hupinduka kwa ndani, na ligamenti ya kwanza kuchanika huwa ile fupi iliyoko mbele ya kifundo upande wa nje, inayoshikanisha mfupa wa fibula, ule mwembamba wa upande wa nje wa mguu, na wa talusi ulio chini yake kifundoni. Usiku huohuo mguu hukandwa kwa maji ya moto, mchua misuli hufunga bendeji, na wiki mbili hazijapita mtu yuko uwanjani. Baadhi hupona kweli. Hata hivyo, watafiti wa Dublin waliowafuatilia watu walioteguka kwa mara ya kwanza, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016, walikuta kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 40 walikuwa bado na kifundo kisichotulia.

Tangu 2013 vipo vigezo vya kimataifa vya kumtambua mtu wa aina hii. Awe aliteguka vibaya angalau mara moja, na tukio hilo la kwanza liwe limepita miezi 12; awe ameteguka tena au amehisi mguu ukimponyoka, si chini ya mara 2 katika miezi 6; na hali hiyo ithibitishwe kwa dodoso, kama lile la Cumberland lenye alama 30, ambapo anayepata 24 au chini huhesabiwa kuwa na tatizo. Mchezaji aliyeteguka Jumamosi iliyopita hayumo katika kundi hili, ingawa makocha wengi huniletea huyo huyo na kuniambia kwamba enka yake "imelegea".

Kulegea kwa ligamenti ni sehemu moja tu. Mwingereza Freeman na wenzake waliandika tangu 1965 kwamba jeraha huharibu pia neva ndogo za taarifa zilizomo ndani ya kiungo, zile zinazouambia ubongo wayo umekaa vipi. Juu ya hilo, misuli ya peroneali, inayoteremka ubavuni mwa mguu kwa nje na kuuzuia wayo usipinduke, hudhoofika na kuchelewa kuitika, shavu la mguu husinyaa, na mara nyingi nyonga ya upande huo nayo huwa dhaifu. Mtu huyo akisimama kwa mguu mmoja na kufumba macho, mtazame vidole vyake: vinakwaruza sakafu kama kuku anayetafuta punje.

Mkanda unaingia hapo kwenye misuli. Asili yake ni Japani. Yoshiaki Sato, akiwa kijana mwaka 1966, alikaa kwa magoti muda mrefu katika ibada ya Kibuddha, miguu ikafa ganzi na kuvimba, naye akahisi uvimbe ule unafanana na ule anaoupata baada ya kunyanyua vyuma. Alianza kujijaribia mwenyewe kwa kujifunga mipira na kamba, nusura jambo hilo limwue, kwa maana bonge la damu lilimfikia mapafuni. Mwaka 1973 alivunjika kifundo cha mguu akiteleza kwenye theluji, akafungwa plasta, akaendelea kujifunga mkanda pajani wakati wa kupona na kugundua kwamba misuli yake haikusinyaa kama ilivyotarajiwa. Kwa hiyo anayeshangaa mkanda una uhusiano gani na enka ajue kwamba ulianzia karibu hapohapo. Njia yake aliiita kaatsu. Nchini Marekani ilikuja kushika nguvu miaka mingi baadaye kupitia wanajeshi waliojeruhiwa miguu, katika hospitali ya jeshi iliyoko San Antonio.

Utendaji wake hauna uchawi. Mkanda hufungwa juu kabisa ya paja na kujazwa hewa kiasi cha kuzuia damu isirudi kwa urahisi kupitia vena, wakati ateri inaendelea kupitisha damu kidogo. Msuli unafanya kazi katika upungufu wa oksijeni, taka za kazi hiyo zinarundikana, nyuzi za polepole zinachoka mapema, na mwili unalazimika kuziita zile nyuzi za nguvu ambazo kwa kawaida husubiri mzigo mzito. Matokeo yake ni kwamba mzigo wa asilimia 20 hadi 40 ya uwezo wa juu wa mtu unajenga misuli kwa kiwango kinachokaribia cha mzigo wa asilimia 70, ingawa kwa upande wa nguvu mzigo mzito bado unaongoza.

Nitasimama hapa kwanza, nisikie maswali.

Kocha wa mchangani

Mkuu, nashukuru kwa darasa. Mimi vijana wangu wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwaka jana bila mashine yoyote. Tunakata tyubu ya baiskeli, tunafunga paja, wanafanya kuchuchumaa na kunyanyua visigino. Wanalalamika kwamba inauma, nami huwaambia ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Tunakosea wapi?

Mwanzisha uzi

Kocha, nakuomba usimamishe zoezi hilo leo, na nitakueleza kwa nini.

Mpira wa tyubu hauna namba. Ukiuvuta kwa nguvu unaweza kuifunga ateri kabisa, na ukiulegeza unakuwa umempamba kijana bure. Isitoshe, ni mwembamba, na mkanda mwembamba unahitaji shinikizo kubwa zaidi ili kupunguza damu ileile, shinikizo ambalo linaangukia kwenye ngozi na neva iliyo chini yake. Nilimpokea kijana mmoja kutoka ukumbi fulani wa mazoezi akiwa na alama ya mpira iliyokuwa bado inaonekana pajani siku ya tatu, na ganzi kuanzia alama hiyo kushuka gotini. Ganzi ilipotea baada ya wiki kadhaa, lakini msimu ulikuwa umekwisha.

Shinikizo sahihi hupimwa kwa kila mtu, kwa kila mguu. Mgonjwa analala chali, mkanda mpana unafungwa pajani, nami naweka kichwa cha Dopla, kile kifaa cha kusikilizia damu ikipita, nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo, kwenye ateri inayopita hapo, mpaka nisikie ule mlio wa shu, shu, shu. Ninajaza hewa taratibu huku nikisikiliza. Mlio unapungua, unakuwa kama mtu anayenong'ona, kisha unakatika. Namba niliyoiona ulipokatika ndiyo shinikizo la kuifunga ateri ya mtu huyo. Tuseme imetoka milimita 190 za zebaki: asilimia 60 yake ni 114, na asilimia 80 ni 152. Mapendekezo ya wataalamu yaliyochapishwa 2019 yanataka mtu afanye mazoezi kati ya asilimia 40 na 80 ya namba yake. Mwingine mwenye paja jembamba namba yake inaweza kuwa chini sana kuliko hiyo, na ndiyo sababu nakataa kutaja shinikizo moja la kila mtu, hata mnibembeleze vipi. Ukimpima amelala kisha akafanya zoezi amesimama, namba nayo inabadilika, hivyo ni vizuri kupima katika mkao atakaofanyia kazi.

Zoezi lenyewe lina mpangilio uliozoeleka: marudio 30, kisha 15, 15 na 15, jumla 75, na mapumziko ya sekunde 30 kati ya seti huku mkanda ukiwa bado umejaa. Zoezi likiisha mkanda unafunguliwa ndipo mnahamia zoezi jingine. Mkanda usikae umejaa zaidi ya dakika 5 hadi 10 kwa zoezi moja. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha.

Na kuhusu maumivu: kuungua kwa msuli unaofanya kazi kunatarajiwa. Maumivu makali palepale ulipo mkanda, ganzi, au wayo kuwa wa baridi, hayo si dalili ya kazi. Kwa ngozi nyeusi usisubiri kuona rangi ya mguu ikibadilika juu. Tazama unyayo na kucha, bonyeza ukucha wa kidole gumba uachie, uone damu ikirudi.

Mlinzi wa goli

Habari zenu. Mimi ni mchezaji wa netiboli, enka ya kulia imeshanitoka mara nne, na sasa hata kushuka ngazi naogopa. Nimewahi kuambiwa na mtu wa mazoezi kwamba mkanda ufungwe karibu na panapouma, yaani chini ya goti, ili damu izuiwe kwenye misuli ya kifundo. Wewe unasema pajani. Nani nimwamini? Pia natumia vidonge vya uzazi wa mpango, sijui kama vina uhusiano.

Mwanzisha uzi

Dada, pole. Maswali yako yote mawili ni ya msingi kuliko unavyodhani.

Pitisha kidole upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utagusa kifundo kidogo cha mfupa. Hicho ni kichwa cha fibula. Neva inayoiamuru misuli ya peroneali inazunguka shingo ya mfupa huo ikiwa imefunikwa na ngozi na nyama kidogo tu. Ukifunga mkanda mpana hapo na kuujaza, unaigandamiza neva ileile ambayo ndiyo unayoitegemea iamshe misuli unayotaka kuikuza. Wapo wataalamu wanaofunga sehemu ya juu ya shavu la mguu kwa uangalifu, siwakatai, ila mimi hufunga pajani. Mkanda wa pajani unapunguza damu ya mguu wote ulio chini yake, kwa hiyo misuli ya kifundo haikosi sehemu yake.

Vidonge vya uzazi wa mpango, hasa vyenye estrojeni, vinaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye vena. Havikuzuii moja kwa moja, lakini ni lazima mtu anayekufunga mkanda ajue, na kama wewe au ndugu wa karibu amewahi kugandiwa damu mguuni au mapafuni, ningekwambia tuache mkanda na tutumie njia nyingine. Wengine ambao siwafungi ni wajawazito, wenye presha ya juu isiyodhibitiwa, wenye vena zilizovimba sana miguuni, wenye maradhi ya ateri, na wenye selimundu. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya mahali tulipo: chembe nyekundu za damu za mtu mwenye hali hiyo hupinda oksijeni inapopungua, na mkanda kazi yake ni hiyohiyo ya kupunguza oksijeni. Mchezaji asiyejua hali yake, hasa mwenye ndugu anayeumwa ugonjwa huo, akapime kwanza.

Nisiwatishe kupita kiasi. Uchunguzi uliofanyika Japani na kuchapishwa 2006, uliohusu watumiaji zaidi ya 12,000 wa kaatsu, ulikuta michubuko ya damu chini ya ngozi kwa takriban asilimia 13, ganzi kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, na damu kuganda kwenye vena kwa asilimia 0.055. Lakini wale walikuwa mikononi mwa watu waliofunzwa, wenye vifaa, wala hawakufungwa tyubu.

Fizio wa kanda

Mwenzangu, nimefuatilia na ninakubaliana na mengi, ila niruhusu nipinge jambo moja. Mchezaji mwenye kifundo kisichotulia kwa mwaka mzima si mtu aliyetoka kupasuliwa goti jana. Hana uvimbe, hana maumivu makubwa, anaweza kubeba mzigo mzito. Kwa nini tumfunge mkanda wakati tunaweza kumpa gunia begani anyanyue visigino kwa mguu mmoja, tukapata nguvu zaidi bila gharama ya Dopla?

Mwanzisha uzi

Mkuu, hapo umegusa penyewe, na kwa sehemu kubwa nakubali. Kwa shavu la mguu, paja na nyonga za mchezaji asiye na maumivu, mzigo mzito ndio chaguo langu la kwanza, na mkanda unabaki akiba ya siku anapotoka kwenye mechi amechoka au kifundo kimevimba kidogo. Mkanda pia una nafasi yake kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kukaza ligamenti, ule wa Broström (aliyeuchapisha mwaka 1966), kwa sababu wiki za mwanzo huwezi kuzipa ligamenti zilizoshonwa mzigo unaozivuta.

Tutatofautiana kuhusu misuli ya peroneali. Niambie, katika kumbi za mazoezi unazozijua, ni ngapi zina mashine ya kusukuma wayo kwenda nje kwa mzigo mzito? Mimi sijaiona hata moja hapa kwetu. Tunachotumia sote ni mpira wa kuvuta unaozungushwa kwenye wayo, na ukiongeza ugumu wake mchezaji anaanza kudanganya: goti linageuka, paja linazunguka, na peroneali imelala. Ukimfunga mkanda, mpira mwepesi unatosha, na anaweza kufanya mwendo safi hadi msuli wenyewe uchoke. Kwangu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kutumia mkanda kwa kifundo, na inatokana na vifaa tulivyo navyo zaidi ya fiziolojia.

Ushahidi upo, ila ni mchache. Watafiti wa Thailand walichapisha mwaka 2022 jaribio la wanamichezo 16 wa chuo wenye tatizo hili, 8 wakifanya mazoezi ya kawaida ya urejeshaji na 8 wakifanya yaleyale pamoja na mkanda, mara 3 kwa wiki kwa wiki 4. Makundi yote yaliendelea vizuri, na la mkanda likapata zaidi katika nguvu na katika unene wa msuli wa peroneali. Watu 8 ni pungufu ya timu ya mpira, kwa hiyo silipigii debe. Utafiti mwingine, wa Marekani, wa 2021, uliangalia misuli inavyoamka mtu anapofanya mazoezi ya usawa huku amefungwa mkanda: msuli wa paja na ule uliojificha kwa kina ndani ya shavu la mguu uliamka zaidi, wakati peroneali haikuonyesha tofauti ya maana, na washiriki walisema wanajihisi kuyumba zaidi. Mimi nasoma hivi: usimfunge mtu mkanda ukamsimamisha kwa mguu mmoja juu ya mto ukitegemea peroneali itakua. Mkalishe, mpe mpira, afanye mwendo wa msuli huo. Kisha fungua mkanda, mpe dakika chache, ndipo mfanye mazoezi ya usawa akiwa na hisi zake zote.

Kocha wa mchangani

Nimesimamisha, mkuu, na tyubu nimezirudisha kwenye baiskeli. Sasa swali la mtu asiye na Dopla: sisi wa mchangani tufanye nini? Na je, mkanda wa mashine ya presha ya hospitali unaweza kutumika?

Mwanzisha uzi

Kocha, mkanda wa kupimia presha ya mkono hauzunguki paja la mchezaji, na ule mkubwa wa paja unaweza kutumika mikononi mwa mtaalamu mwenye Dopla ndogo ya mkononi, kama zile za wakunga. Bila kipimo cha ateri, tusifunge kitu.

Mpe kijana haya, nawe huhitaji kununua kitu. Kunyanyua kisigino kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, akiongeza mfuko wa mchanga kadiri anavyozoea. Kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, kisha amefumba, kisha akirushiwa mpira. Kutembea kwa upande akiwa na mpira wa kuvuta uliozungushwa juu ya magoti, kwa ajili ya nyonga. Na kutua: aruke chini kutoka kwenye tofali moja, atue kwa mguu mmoja, atulie sekunde tatu bila kuyumba, na asipoweza asiende kwenye matofali mawili.

Mlinzi wa goli

Nimeenda kwa mtaalamu mwenye Dopla, leo ni wiki ya tatu. Siku mbili za kwanza baada ya zoezi nilipata maumivu ya shavu la mguu kama niliyepanda mlima, sasa yamepungua. Nguvu naziona. Ila hofu ya ngazi bado ipo. Nitajuaje kwamba naweza kurudi uwanjani?

Mwanzisha uzi

Maumivu ya siku moja hadi tatu ni ya kawaida, dada. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, au mguu mmoja umevimba na kuuma ukiwa umepumzika, usinisubiri mimi wala uzi huu, nenda hospitali.

Kuhusu kurudi, mwombe akupime mambo mawili akilinganisha na mguu wa kushoto. La kwanza ni kusimama kwa mguu mmoja na kusukuma ule mwingine mbele, nyuma kwa ndani na nyuma kwa nje, kila umbali ukipimwa kwa sentimita. Tofauti ya zaidi ya sentimita 4 upande wa mbele inatufanya tusubiri. La pili ni kuruka kwa mguu mmoja kwenda upande na kurudi juu ya mistari miwili iliyoachana sentimita 30, mara 10, kwa saa ya kuhesabu. Mtu mwenye hofu utamjua kwenye ule mruko wa nne au wa tano, anapoanza kutua kwa kisigino badala ya mbele ya wayo. Hofu hiyo mkanda hauiondoi. Inapungua kwa kutua mara nyingi bila kuumia, kuanzia hizo ngazi za nyumbani kwako: leo moja, ukishika ukuta, kesho bila kushika. Siku ya kipimo nenda na viatu unavyochezea, tena vile ulivyovivaa mara ya mwisho ulipoteguka kama bado unavyo. Nataka atazame soli ya kulia imelika upande gani.